Vipande Kumi na Tisa vya Juliana Akonaay

Ujumbe ulimkuta Juliana Akonaay kwenye mizani. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane, msimu wa vitunguu saumu, na kituo cha kukusanyia mazao pale Tlawi kilikuwa kimejaa magunia na watu. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji. Simu ilipotetemeka mfukoni, alimaliza kwanza gunia lililokuwa linaning'inia, akataja kilo, karani akaandika, ndipo akaitoa. Ilikuwa barua pepe kutoka ng'ambo, kutoka chuo kilichomfukuza miaka tisa iliyopita. Aliisoma, akairudia, kisha akacheka.

Mwenye lile gunia, mzee Agustino, mwenyekiti wa kitongoji, alidhani anachekwa yeye.

"Kuna nini, mwalimu? Gunia langu lina mawe?"

"Hapana, baba. Kuna chuma kimevimba huko mbali."

Agustino aliwatazama wenzake, nao wakatikisa vichwa. Walishazoea. Tangu binti wa marehemu Akonaay arudi kutoka masomoni alikuwa na maneno yake ya chuma, na watu walikuwa wameamua kwamba kusoma kulimharibu kidogo. Wengine walisema neno baya zaidi, kwamba alighushi huko, akakamatwa, akarudishwa. Neno hilo hakuna aliyemwambia usoni, lakini alilijua. Miaka tisa alilijua.

Alipokuwa kidato cha pili baba yake alifariki. Kaka yake Wolfgang, mzaliwa wa kwanza, aliacha shule ili ashike jembe, na Juliana akaendelea. Alikuwa mwepesi wa hesabu kiasi kwamba walimu wa fizikia walimwogopa. Alipopata ufadhili wa kusomea uzamili nje, Wolfgang aliuza maksai wake wawili waliokuwa wanalima pamoja, ili mdogo wake apate koti zito na vitu vya safari. Hakuwahi kununua wengine. Tangu hapo alilima kwa maksai wa kuazima.

Kwenye uwanja wa ndege, Juliana alimsikia kijana mmoja akilitukana begi lake kwa Kiiraqw kwa sababu zipu imekataa. Akamcheka. Ndivyo alivyofahamiana na Gervasi Sulle wa Mogitu, upande wa Hanang. Gervasi alimzidi miaka minne na alikuwa anakwenda kusomea uzamivu chuo kilekile. Katika mji ule wa baridi walikuwa wawili tu wanaoweza kuzungumza lugha ya nyumbani. Alimwita dada, naye akamwita kaka. Gervasi alipoumwa mapafu mwaka wa kwanza, Juliana ndiye aliyempikia uji wiki nzima na kumbadilishia shuka. Alimsikia akimwambia mama yake kwenye simu, "Usiwe na wasiwasi, mama, Mungu amenipa dada huku."

Kazi yao ilikuwa chuma. Haikuwa nondo wala bati, ilikuwa stenlesi ya pekee inayotengenezewa mabomba ya pembe sita yanayobeba fimbo za fueli ndani ya kinu cha nyuklia. Humo ndani nyutroni hukipiga chuma bila kupumzika. Kila pigo hung'oa atomi mahali pake. Nyingi hurudi, chache hazirudi, na zile nafasi zilizobaki wazi hukusanyika zikawa vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vitundu vikiwa vingi, chuma huvimba. Hakiongezeki uzito hata gramu moja, lakini kinanenepa, kinarefuka, kinajipinda. Bomba lililojipinda likiwabana wenzake, huwezi tena kulitoa.

"Yaani chuma kinaumuka kama andazi?" mama yake aliuliza siku moja kwenye simu.

"Kama andazi, mama. Ila hili hakuna anayetaka liumuke."

Chuma cha Gervasi kilikuwa fahari ya profesa wao. Kilitiwa titani kidogo, kikavutwa kikiwa baridi, na ilisemekana kingekaa miaka mingi sana kabla hakijaanza kuvimba. Kinu kikubwa cha nchi ile kilikuwa kinasubiri majibu ili kianze kukitumia. Gervasi ndiye aliyepaswa kuyatoa. Juliana alipewa kazi ya kupima. Vilikuwa vipande vya ukubwa wa ukucha, vilivyokwisha kukaa kwenye kinu cha majaribio. Alivishika kwa mikono ya chuma akiwa nyuma ya kioo kinene. Alipima kipande kikiwa hewani, akakizamisha kwenye kimiminika akakipima tena, na kwa uzito huo wa mara mbili alipata densiti yake, na kutoka kwenye densiti akajua kimevimba kiasi gani.

Vipande vya katikati ya kinu vilikuwa salama kama profesa alivyotabiri. Lakini kulikuwa na vipande kumi na tisa vya pembeni, mahali nyutroni zinapofika kwa uchache. Wote walidhani hivyo ndivyo vingekuwa na afya kuliko vingine. Vilikuwa vimevimba. Asilimia nne, vingine tano. Juliana alidhani amekosea. Akavipima upya, na tena mara ya tatu, kila kipande akikipitishia brashi laini kuondoa mapovu ya hewa kabla hajasoma namba. Hazikubadilika. Aliziingiza kwenye kompyuta ya maabara, halafu akaziandika kwa kalamu ya bluu kwenye daftari lake, kwa sababu kompyuta ilikuwa ya wote na daftari lilikuwa lake. Polepole akaelewa anachokiona. Chuma kile kikipigwa taratibu kinaanza kuvimba mapema kuliko kikipigwa haraka. Kwenye kinu kikubwa, mabomba ya pembeni ndiyo yangeharibika kwanza.

Alimwonyesha Gervasi kabla ya mtu mwingine yeyote. Gervasi alitazama namba kwa muda mrefu, akasema, "Niachie, nitampelekea profesa mwenyewe."

Wiki mbili baadaye Juliana aliitwa mbele ya kikao. Watu saba walikaa upande mmoja wa meza. Wakamwambia hakuyaondoa mapovu. Kipande chenye povu huonekana chepesi kuliko kilivyo, na hesabu hutoa uvimbe ambao haupo. Zaidi ya hapo, walisema, kuna shahidi aliyemwona akiandika namba kabla ya kupima. Shahidi alikuwa amekaa mwisho wa meza, amevaa suti, anaangalia kalamu yake.

Juliana alimgeukia, akamwambia kwa Kiiraqw, taratibu, kama mtu anayezungumza na ndugu, "Gervasi. Waambie ulichokiona."

Gervasi hakumjibu kwa Kiiraqw. Alinyanyua kichwa, akawaambia wale wazee kwa lugha yao, kwa sauti ya kusikika, "Naomba azungumze lugha ambayo sote hapa tunaielewa."

Kufukuzwa kulimuuma. Kuitwa mghushi kulimuuma zaidi. Lakini sentensi ile ndiyo aliyorudi nayo Tlawi, na ndiyo iliyokuwa inamwamsha usiku.

Nyumbani alishika jembe kama wengine. Alifundisha fizikia kwa kujitolea shule ya kata, akapima vitunguu msimu ukifika. Aliandika barua moja kwa mkuu wa kitivo akieleza kila kitu. Haikujibiwa. Aliandika ya pili, na hiyo hakuituma, kwa sababu katikati ya kuiandika alisoma mtandaoni kwamba kinu kikubwa kimeanza kutumia chuma kile. Aliweka kalamu chini. Akavuta karatasi nyingine akapiga hesabu. Kwa kasi ya nyutroni za pembeni, kwa vipimo vyake vile kumi na tisa, mabomba yangeanza kukwama mwaka wa saba, au wa nane kama wangekuwa na bahati.

Alikaa na hiyo namba mbele yake mpaka chai ikapoa. Kisha akaichana barua.

Mama yake, ambaye wote walimwita Mama Wolfgang, alitaka Gervasi alaaniwe. Alikuwa tayari kwenda kwa wazee wa ukoo wakae kikao.

"Usijisumbue, mama," Juliana alimwambia. "Chuma kinaendelea na kazi."

Kila msimu wa vitunguu ulipokwisha alilifungua daftari, akaondoa mwaka mmoja kwenye hesabu yake. Hakumsimulia mtu. Wakati huo Gervasi alikuwa anapanda. Akapata uzamivu wake. Chuo kikamwajiri hukohuko. Akija likizo Mogitu, watu walimpokea kwa ngoma. Mwaka mmoja alialikwa kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya sekondari moja kule Katesh, na katika kuwausia wanafunzi akawasimulia habari ya msichana mmoja aliyepoteza masomo yake ng'ambo kwa uvivu wa kushika brashi. Hakutaja jina. Watu walicheka. Siku mbili baadaye habari ilikuwa imefika Tlawi, na jina limeshatiwa ndani.

Siku hiyo Juliana alikuwa anapalilia. Aliendelea kupalilia. Lakini aling'oa mistari miwili mizima ya vitunguu vyenyewe kabla hajatambua mkono wake unafanya nini.

Basi barua pepe ile ya mwezi wa nane ilisema hivi. Wakati wa kubadilisha fueli, baadhi ya mabomba ya pembeni yalikataa kutoka. Moja lilivutwa kwa nguvu likachanika. Kinu kimezimwa kwa miezi mitano. Wakaguzi wamelikata lile bomba, wakakuta limejaa vitundu. Walipopekua majalada ya zamani waliliona jina lake mbele ya vipande kumi na tisa vilivyofutwa kwa mstari mmoja mwekundu, na kwenye kompyuta hakuna kitu. Je, kwa bahati yoyote, anayo kumbukumbu ya vipimo vile?

Kesho yake, Jumatano, Juliana alipanda basi la kwenda Mbulu mjini. Akaingia duka la steshenari, akamsimamia dada wa mashine mpaka kila ukurasa ukaskaniwa, akazituma zote. Akanunua sukari, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Alijua Gervasi atamtafuta.

Simu ya kwanza iliita Alhamisi. Aliiacha iite. Ya pili, ya tatu, ya nne aliziacha. Ya tano aliipokea.

"Dada Juliana," sauti ilisema, kama vile ni jana walipoachana. "Habari za siku nyingi?"

"Njoo nyumbani," alimjibu. "Mambo haya hayasemwi kwenye simu."

Alikuja wiki iliyofuata, kwa gari la kukodi, amebeba vitenge viwili na kilo za sukari. Juliana alikuwa amemwomba Wolfgang asiende shambani siku hiyo, na akamwalika mzee Agustino kwa kisingizio cha kumwonyesha mbegu mpya. Walikuwa wamekaa uani. Mama Wolfgang alikuwa anasuka mashada ya vitunguu.

"Shikamoo, mama," Gervasi alisema, ameinama.

Mama Wolfgang aliendelea kusuka. Gervasi akarudia, kwa sauti kubwa kidogo, akidhani labda masikio ya mama yamechoka. Hakujibiwa. Mzee Agustino alijikohoza. Katika maisha yake hakuwahi kuona mtu mzima akinyimwa marahaba mchana kweupe, naye alishindwa aangalie wapi. Kulikuwa na kigoda kimoja kitupu. Wolfgang alikivuta akakiwekea mguu.

Kwa hiyo Gervasi alizungumza amesimama, na mzigo wake mkononi.

"Nadhani wamekuandikia," alianza.

"Wameniandikia."

"Wanatafuta mtu wa kubeba lawama, Juliana. Unawajua."

"Nawajua. Hebu anza mwanzo. Kaka yangu hajawahi kusikia mwanzo."

Gervasi alimtazama Wolfgang, kisha mzee Agustino. "Tungezungumza pembeni, wewe na mimi."

"Hapa ndiyo pembeni."

Gervasi alipachika vitenge kwapani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akaanza kwa Kiswahili cha ofisini, mambo ya mazingira ya wakati ule na shinikizo la utafiti. Juliana akamkata.

"Sema kwa Kiiraqw."

"Lakini wote hapa wanaelewa Kiswahili."

"Wanaelewa. Wewe sema kwa Kiiraqw."

Akasema kwa Kiiraqw, na kwa lugha ile maneno yalitoka mafupi, bila nguo. Alikuwa amebakiza miezi minne amalize. Alimpelekea profesa zile namba, naye akamwambia kwamba vipande vile vikibaki, kazi yake inaanza upya na chuma hakitakwenda kwenye kinu. Profesa akamuuliza kama yule msichana ni mtu wa kuaminika.

"Ukasemaje?"

"Nikasema alichotaka kusikia."

"Mapovu yalikuwepo?"

"Hayakuwepo."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona ukipitisha brashi. Kila kipande."

Mikono ya Mama Wolfgang ilisimama. Mzee Agustino alikuwa amefungua mdomo na amesahau kuufunga. Juliana alihisi kitu kinashuka kifuani taratibu, kitamu, na hakutaka kiishe upesi.

"Na sasa unataka nini?"

Gervasi alisogea hatua moja. "Waambie daftari lilipotea. Mvua za huku zinajulikana, waambie lilioza. Bila daftari watasema ni makosa ya vipimo, hakuna wa kulaumiwa. Mimi nitakuandikia barua, urudi, umalize shahada yako, nitakutafutia nafasi. Nina watoto wawili, dada."

"Nilishalituma," Juliana alisema. "Jumatano ile, kabla hujanipigia hata mara moja."

Gervasi alimkodolea macho. Vitenge vilianza kumteleza kwapani.

"Sasa kwa nini uliniita? Nimesafiri siku mbili!"

"Nilitaka hawa wakusikie. Miaka tisa wanakaa na mghushi."

Gervasi akamgeukia mama, labda kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kugeukia. Akapiga goti moja kwenye vumbi. "Mama, nisamehe."

Mama Wolfgang alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Marahaba," alisema, akijibu salamu ya muda wote ule uliopita. "Sasa nenda."

Gari halijavuka kona, mzee Agustino alikuwa ameshaondoka bila kuuliza mbegu. Kabla ya jioni Tlawi yote ilikuwa inajua, na Jumapili baada ya misa wanawake waliomkwepa Juliana kwa miaka walijipanga kumshika mkono. Aliwapa mkono. Aliwahesabu pia, na waliokosekana aliwakumbuka.

Wolfgang peke yake hakufurahi. Siku ya nne, akiwa ameiona hesabu ya miaka ndani ya daftari, alimkuta dada yake kwenye zizi akikamua.

"Ulijua kitakwama," alisema. "Ulipiga hesabu ukajua na mwaka."

"Nilijua."

"Na hukuwaandikia tena."

"Niliwaandikia mara moja wakanitupa."

"Sijasema habari ya wao wakubwa. Ulituambia kulikuwa na mama wa kufagia korido, aliyekupa soksi za sufu. Kile kitu kingepasuka, yeye angekuwa wapi?"

Juliana aliacha kukamua. Angeweza kumweleza kwamba bomba kukwama si kinu kupasuka, kwamba kuna kuta na kuta, kwamba ubaya ulikuwa wa kuchelewa na hasara. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba zile siku alizokuwa akiondoa mwaka kwenye hesabu hakuwahi kujiuliza habari ya mama wa soksi.

"Nilimwaza mwanzoni," alisema. "Halafu nikaacha kumwaza."

"Niliuza maksai wangu uende ukasome," Wolfgang alisema, "sikuwauza ili uje kukaa hapa ukiomba chuma cha watu kiharibike." Akachukua ndoo ya maziwa akaondoka nayo. Walirudi kuzungumza baadaye, maana shamba ni moja, lakini jambo hilo hawakuligusa tena, na Juliana hakuwahi kumwambia kwamba anajuta, kwa sababu hakuwa anajuta. Alikuwa anaona haya tu, na alijua tofauti yake.

Mambo yaliishia hivi. Tume iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ilikaa mpaka mwezi wa pili. Profesa alikuwa ameshastaafu na hakuguswa. Gervasi alivuliwa uzamivu wake na kazi ikaisha. Chuo kilimwandikia Juliana barua ya kuomba radhi yenye mihuri mitatu, kikamwalika amalizie tasnifu yake. Aliiandika palepale nyumbani, meza ikiwa karibu na dirisha, vipande kumi na tisa vikiwa ndiyo sura ya tatu. Aliitetea kwa njia ya video akiwa katika ofisi ya kuazima Mbulu mjini. Walipomuuliza kuhusu mapovu, aliwajibu kwa lugha yao kwa dakika ishirini bila kusimama. Wakamtunuku. Mkuu wa shule ya kata alimwajiri rasmi muhula uliofuata.

Gervasi alirudi Mogitu kwa baba yake, akaanza kulima alizeti. Mara moja walikutana Katesh siku ya mnada. Alikuwa anachagua kamba. Alipomwona Juliana alitaka kupita nyuma ya vibanda, lakini Juliana alimwahi, akamsalimia kwa Kiiraqw, salamu ndefu ya heshima, ya familia, mifugo na mashamba, moja baada ya nyingine, na kila moja Gervasi alilazimika kuijibu. Watu walisimama kutazama. Alipomaliza, Juliana aliagana naye vizuri akaenda kununua chumvi.

Alitegemea hiyo ingemtosha. Haikumtosha. Mpaka leo, mtu yeyote akipanda Tlawi kutoka upande wa Hanang, Juliana humkaribisha, humpa chai, na baada ya kuulizia mvua na bei ya ng'ombe huuliza kama anamfahamu kijana mmoja wa kina Sulle pale Mogitu, anaendeleaje. Akiambiwa alizeti imekauka, humwongezea mgeni chai. Akiambiwa yuko salama, watoto wanakua, mavuno si mabaya, husema "Mungu ni mwema," na siku yake yote inayobaki huwa imeharibika.